Hisia ya jinsia ikiwa hafifu, usikimbilie sindano wala ndoa

IWAPO utaamshwa usiku wa manane, taa zimezimwa, kisha uulizwe kama wewe ni mwanamume au mwanamke, huenda utajibu papo hapo na kumshangaa anayekuuliza. Lakini umejuaje? Gizani hukujitazama mwili. Hukutoa kitambulisho mfukoni ukakisoma. Kuna kitu ndani yako kilichokujibia kabla hujafikiri.

Kitu hicho ndicho wataalamu hukiita hisia ya jinsia. Watu wengi hawana habari nacho kwa kuwa hakiwasumbui. Ni kama ulimi, ambao huukumbuki hadi siku uung'atapo.

Hata hivyo, msomaji, wako watu ambao wakijiuliza swali hilo hawapati jibu la haraka. Wengine hawasikii chochote. Wengine husikia jibu kwa mbali, au nusu tu: huyu hujihisi mwanamke kwa kiasi fulani, na kiasi kilichobaki hakina jina. Wengine leo wanalisikia na kesho limepotea. Si kwamba wanataka kuhamia upande wa pili. Upande waliopewa hauwakai sawasawa, na ule mwingine pia hauwakai.

Tunawazungumzia leo kwa sababu mara nyingi huishia mikononi mwa watu wanaotaka kuwatibu ugonjwa ambao hawana, huku ule walio nao, au unaowanyemelea, ukiachwa bila matibabu.

HISIA HII HUTOKA WAPI?

Kwa muda mrefu waganga na walimu waliamini kwamba mwili na moyo ni kitu kimoja: ukizaliwa na mwili wa kike basi na moyo wako ni wa kike, yamekwisha. Katikati ya karne iliyopita wataalamu walianza kuyatenganisha mambo hayo. Mwaka 1955 John Money, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, alianza kuandika kuhusu dhima ya jinsia, yaani yale ambayo mtu huyatenda na kuyasema kujionyesha kuwa mume au mke. Mwaka 1964 daktari wa akili Robert Stoller wa California aliandika kuhusu utambulisho wa jinsia, yaani yale anayoyahisi mtu ndani yake.

Naye mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alieleza mwaka 1966 jinsi mtoto anavyolipata wazo hilo. Akiwa na miaka miwili hadi mitatu hujua kusema "mimi ni msichana" au "mimi ni mvulana". Afikapo miaka sita au saba huelewa kwamba jambo hilo halibadiliki hata akibadilisha nguo au akikata nywele.

Je, hisia hii hutiwa na malezi? Money aliamini hivyo. Mwaka 1965 mtoto wa kiume, mmoja wa mapacha, alizaliwa mjini Winnipeg, Kanada. Alipokuwa na umri wa miezi minane alipelekwa kutahiriwa na uume wake ukaharibiwa kabisa. Money aliwashauri wazazi wamlee kama msichana. Alihasiwa, akavishwa magauni, akabadilishiwa jina, na alipokaribia kubaleghe akapewa homoni za kike. Hayo yote hayakufua dafu. Alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14, alirudi kuishi kama mvulana na kujiita David. Kisa cha David Reimer kilifichuliwa jaridani na madaktari mwaka 1997. Alifariki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 38.

Funzo lake ni zito. Katika watu wengine hisia ya jinsia ina nguvu kiasi kwamba kisu, dawa na miaka ya malezi haviwezi kuing'oa. Sasa ikiwa iko yenye nguvu hivyo, tutashangaa kwamba iko pia iliyo hafifu? Watu hatulingani kwa njaa, kwa usingizi, wala kwa uwezo wa kukumbuka sura za watu. Hisia hii nayo haikugawiwa kwa kibaba kimoja.

WALIOPIMA WALIPATA NINI?

Zamani wanasaikolojia walipopima uume na uke wa tabia, walivipima kama ncha mbili za kamba moja. Ukisogea huku, umeondoka kule. Mwaka 1974 Sandra Bem, mwanasaikolojia wa Marekani, aliikata kamba hiyo. Alitunga dodoso lenye sifa 60: 20 ambazo jamii yake ilizihesabu za kiume, 20 za kike na 20 zisizo za upande wowote. Kila mtu alijipa alama kuanzia 1 hadi 7 kwa kila sifa. Ikaonekana kwamba mtu anaweza kupata alama za juu pande zote mbili, na kwamba mwingine anaweza kupata alama za chini pande zote mbili. Hawa wa mwisho waliitwa wasiopambanuka.

Dodoso la Bem lilipima tabia, halikupima hisia ya ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, Israeli, wakiongozwa na Daphna Joel, waliuliza moja kwa moja. Waliwauliza watu 2,225 ni kwa kiasi gani hujihisi wanaume, wanawake, vyote viwili, au si chochote kati ya hivyo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014, zaidi ya asilimia 35 walijibu kwamba kwa kiasi fulani hujihisi kama jinsia nyingine, au zote mbili, au hakuna. Watu hao hawakuchaguliwa kwa kura, kwa hivyo huwezi kusema ndiyo hesabu ya dunia nzima. Lakini wengi wao walikuwa wanaume na wanawake wa kawaida ambao ungewapita barabarani bila kugeuza shingo.

Sasa linganisha na Kanada. Katika sensa ya mwaka 2021, watu 41,355 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, miongoni mwa takriban milioni 30.5, walihesabiwa kuwa nonbainari. Neno hilo hutumiwa kwa wote ambao maneno mwanamume na mwanamke, kila moja peke yake, hayawatoshi. Hiyo ni kati ya mtu mmoja na wawili katika kila 1,000.

Tofauti ya hesabu hizo mbili inatueleza jambo. Walio na shaka kidogo moyoni ni wengi, na wengi wao huishi wakiitwa wanaume au wanawake bila taabu. Wachache ndio ambao uhafifu huo umezidi hadi wakahitaji jina jingine la kujieleza. Mpaka kati ya makundi hayo hauna ukuta.

SI JAMBO LA JUZI

Utasikia mtu akidai kwamba mambo haya yameletwa na simu za mkononi. Mwaka 1776, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, Jemima Wilkinson aliyekuwa na umri wa miaka 23 aliugua homa kali. Alipopona alitangaza kwamba aliyekuwa na jina hilo amekufa, na aliyebaki si mwanamume wala mwanamke. Alijiita Public Universal Friend, yaani Rafiki wa Watu Wote, akazunguka akihubiri hadi alipofariki mwaka 1819. Wafuasi wake wengi walipata kazi kubwa ya kumzungumzia, maana Kiingereza kina neno la kumtaja yeye wa kiume na jingine la yeye wa kike. Wakawa wanarudia tu: Rafiki kasema, Rafiki kaja.

Sisi tumesamehewa taabu hiyo. Ukisema "anakuja" au "yeye amelala", hujataja kama ni mume au mke. Kikuyu, Kikamba na Dholuo pia ni vivyo hivyo. Lakini tusijidanganye kwamba ulimi ukiwa mpole basi na jamii ni pole. Sare ya shule ni sketi au suruali. Bweni ni la wavulana au la wasichana. Kila fomu ina visanduku viwili. Kuna jando, na kuna mashangazi wanaomsubiri binti wamfunde. Mtu ambaye hisia yake ni hafifu hukutana na swali lile lile mara nyingi kwa siku, na kila mara hulijibu kwa kubahatisha.

USICHANGANYE MAMBO

Kabla hujampa mtu jina, tofautisha mambo haya manne.

Kwanza, huyu si huntha. Huntha huzaliwa na mwili wenye maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja. Hilo ni jambo la mwili. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya ilihesabu huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawatambua watoto wa aina hiyo. Mtu ambaye hisia yake ya jinsia ni hafifu kwa kawaida ana mwili usio na tofauti yoyote, na daktari akimpima homoni mara nyingi atazipata ziko sawa.

Pili, si sawa na mtu aliyezaliwa na mwili wa kiume akajihisi mwanamke kwa dhati, au kinyume chake. Huyo hisia yake ina nguvu, ila imepingana na mwili.

Tatu, si lazima awe jikedume, wala mwanamume mlaini. Msichana anaweza kucheza kandanda na kutengeneza magari huku moyoni akijua barabara kwamba yeye ni msichana. Na yupo avaaye gauni na hereni kila siku ambaye ndani hahisi chochote.

Nne, jambo hili halikuelezi huyo mtu anampenda nani. Hilo ni swali jingine.

JE, NI UGONJWA?

Shirika la Afya Duniani huchapisha orodha ya magonjwa ambayo madaktari wa nchi nyingi huitumia. Katika orodha ya kumi, iliyopitishwa mwaka 1990, kutowiana na jinsia uliyozaliwa nayo kuliwekwa katika sura ya magonjwa ya akili. Orodha ya kumi na moja ilipitishwa Geneva mwezi Mei mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Humo jambo hilo liliondolewa katika sura ya akili na kuwekwa katika sura ya hali zinazohusu afya ya kijinsia, ili anayehitaji huduma asiikose. Isitoshe, orodha hiyo imeeleza wazi kwamba mtu kuwa na tabia au mapendeleo yasiyo ya kawaida ya jinsia yake, peke yake, hakutoshi kumpa jina la ugonjwa.

Kwa hivyo jibu ni kwamba uhafifu wa hisia ya jinsia, wenyewe, si ugonjwa. Hauambukizi, hauli mifupa, na haumzuii mtu kusoma, kufanya kazi, wala kuwatunza wazazi wake.

Kinachougua ni mwili wa mtu anayejificha. Anayepima kila neno kabla ya kulisema, anayeogopa bafu la bweni, anayekodolewa macho kwenye foleni ya choo, huishi kama mlinzi asiyepokewa zamu. Mwili wake haupumziki. Usingizi hupaa, moyo humdunda, tumbo humsokota, chakula hakipiti au hupita kupita kiasi. Wengine huanza kunywa pombe ili wanyamaze ndani. Wengine hujikata ngozi. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 29 duniani. Mtoto anayehisi kwamba hana mahali pake katika dunia ya vyumba viwili ni mmoja wa wale usiotaka kuwaacha peke yao.

USIMTENDEE HAYA

Tuseme una mtoto wa miaka 16 aliyekwambia, "Mama, mimi sijihisi msichana sana, wala sijihisi mvulana." Jirani atakushauri mengi. Yapime kwanza.

Atakwambia umpeleke akadungwe sindano ya homoni "imkamilishe". Hakuna sindano inayoongeza hisia ya jinsia. Homoni huubadilisha mwili. Mvulana ambaye bado anakua akipewa testosteroni bila sababu ya kitabibu, mifupa yake yaweza kufunga mapema akabaki mfupi, korodani zake zikasinyaa na mbegu kupungua. Msichana akipewa dawa hiyo, sauti yake ikishakuwa nzito hairudi. Homoni za kike nazo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Dawa hizi zina kazi yake, lakini hutolewa na daktari bingwa baada ya vipimo. Hazinunuliwi kichochoroni.

Atakwambia umwoze haraka, akili itamrudi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka kila mwenye kuoa na kuolewa awe ametimiza miaka 18 na awe ameridhia mwenyewe. Na ndoa ya namna hiyo huumiza watu wawili, kwani hata huyo mwenzake amedanganywa.

Wako pia washenzi watakaosema atafutiwe mwanamume "wa kumzindua". Huo ni ubakaji, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamsubiri atendaye na anayemsaidia.

Na usimpige. Kipigo kitamfundisha jambo moja tu, kwamba wewe si wa kuambiwa. Siku nyingine akiwa na jambo kubwa zaidi la kukwambia, hatakuja.

NI LINI UENDE HOSPITALINI?

Zipo sababu za kweli za kumwona daktari, na usizipuuze kwa kudhani kila kitu ni hisia tu.

Nenda ikiwa mwili unachelewa: msichana aliyefika miaka 13 bila dalili ya matiti, au miaka 15 bila hedhi, mvulana aliyefika miaka 14 bila korodani kuanza kukua. Nenda pia ikiwa hedhi hupotea kwa miezi, au binti ameanza kuota ndevu nyingi. Hayo ni mambo ya mwili na mengi yana tiba.

Nenda ikiwa huzuni imedumu kwa zaidi ya wiki mbili, shule au kazi haimvutii tena, halali, hali, au anazungumzia kufa. Hili la mwisho halingoji kesho. Ugonjwa wa huzuni unaweza kumfanya mtu ajihisi mtupu katika kila jambo, si katika jinsia pekee, na unatibika.

Nenda ikiwa hisia hizi zilianza ghafla baada ya kushambuliwa au kunajisiwa, au ikiwa mtu hujiona kana kwamba anautazama mwili wake kutoka mbali. Kinachohitaji kutibiwa hapo ni jeraha hilo.

Ukifika, sema kilichokuleta bila kuzunguka. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kadiri inavyowezekana, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu aitunze siri ya mgonjwa. Mhudumu akianza kukuhubiria badala ya kukupima, una haki ya kumtafuta mwingine. Mshauri mzuri hatakuharakisha kuchagua upande. Atakuuliza unalalaje, unakula nini, unaishi na nani, na nini kinakutisha.

IKIWA NI WEWE MWENYEWE

Huenda umesoma hadi hapa kwa sababu zako. Basi sikiliza.

Hulazimiki kupata jibu leo. Wengine hisia yao hutulia wakikomaa, wengine hubaki vivyo hivyo hadi uzeeni. Usijitafutie jina kwa pupa. Jina likikufaa, litumie. Lisipokufaa, hakuna anayekudai.

Mchague mtu mmoja wa kumwambia, na umchague kwa matendo yake. Je, ulipomwambia siri ndogo aliitunza? Ikiwa bado unalishwa na kulipiwa karo nyumbani, na wajua nyumba hiyo ina hasira, fikiria kwanza utalala wapi siku hiyo kabla hujasema. Huko si kuogopa. Ni kujilinda.

Usinunue dawa zinazouzwa kwa kunong'onezana. Usiache kula ili kuuficha mwili. Lala, fanya mazoezi, shikilia masomo au kazi yako, na usikatae rafiki anayekupenda bila kukuhoji.

Nawe mzazi, au mwalimu wa zamu, huna haja ya kuyaelewa haya yote ndipo umtendee mema mtoto. Mwite kwa jina lake. Mwulize kama amekula. Mahali ambapo si lazima kuwagawa watoto kwa wavulana na wasichana, usiwagawe; mistari ya darasani yaweza kupangwa kwa herufi za majina au kwa kimo. Mpe mlango wa bafu unaofungika. Na akikwambia kwamba hajijui vizuri upande huo, mjibu kwa maneno machache: "Nimekusikia. Haya, njoo tule."